Tesla: Tezo Iliyogeuka Jina la Ukoo

Jina la Tesla lajulikana na watu wengi kuliko wale wajuao kwamba ni jina la ukoo. Mwanafunzi wa fizikia hulikuta katika somo la sumaku, kwa kuwa mwaka 1960 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliamua kwamba kipimo cha uga wa sumaku kiitwe tesla. Vijana wa mijini hulijua kwa sababu ya motokaa za umeme za kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 2003. Wachache humkumbuka mtu mwenyewe, Nikola Tesla, mwana wa kasisi wa Kiorthodoksi, Mserbia aliyezaliwa katika kijiji cha Smiljan mwaka 1856 na kufariki New York mwaka 1943. Na walio wachache zaidi ni wale wanaojiuliza watu wa ukoo huo walikuwa nani kabla yake, na jina lao lilitoka wapi.

Swali hili niliulizwa na mwalimu mwenzangu wa fizikia, ambaye alidhani kwamba Tesla ni neno la kubuniwa tu, kama yalivyo majina ya sabuni. Nilimjibu kwamba si la kubuniwa; ni neno la seremala. Hakuridhika, nami nikaona kwamba jibu langu lilikuwa fupi mno. Makala haya ni jibu refu zaidi.

Yafaa tuanze na sura ya majina ya Waserbia kwa jumla, maana bila ya hiyo msomaji hawezi kuona ugeni wa jina hili. Mtu akichukua orodha ya majina ya darasa lolote la shule mjini Belgrade, atakuta mkia mmoja ukijirudia tangu juu hata chini: Jovanović, Petrović, Nikolić, Popović, Kovačević. Mkia huo ni kiambishi tamati -ić, ambacho asili yake ni cha kudogosha. Petrović ni kana kwamba tumesema Petar mdogo, yaani mwana wa Petar. Popović ni mwana wa kasisi. Kovačević ni mwana wa mhunzi, kwani kovač ndiye mfua chuma. Jovanović ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote katika Serbia. Mbele ya majina hayo Tesla ni kama mtu aliyeingia karamuni bila ya kanzu. Halina mkia, halitaji baba wala cheo wala kazi ya mtu yeyote. Tena ni jina adimu, na kwa muda mrefu lilikuwa la jamaa chache za sehemu moja tu ya nchi.

Zamani majina yenye -ić hayakuwa ya ukoo kwa maana tuijuayo leo. Yalikuwa yakibadilika kila kizazi. Petar akimzaa Jovan, huyo huitwa Jovan Petrović. Jovan akimzaa Marko, mtoto huitwa Marko Jovanović, na jina la babu likaachwa nyuma. Msomaji wa pwani hatashangaa, kwa sababu hivyo ndivyo lilivyofanya kazi neno bin: Ali bin Juma akimzaa Salim, huwa ni Salim bin Ali, na Juma akabaki katika kumbukumbu za wazee. Sisi wa huku Burundi tulikwenda mbali zaidi, maana kwa desturi yetu kila mtoto ana jina lake, na ndugu wa tumbo moja wanaweza wasiwe na hata silabi moja inayofanana. Wenye kuhitaji jina lisilobadilika hawakuwa wazazi. Aliyelihitaji ni karani wa kodi, na karani wa jeshi.

Katika nchi ya Serbia yenyewe karani huyo alishinda mwaka 1851, pale serikali ilipoagiza kwamba kila jamaa iwe na jina la ukoo lisilobadilika. Waziri wa mambo ya ndani wakati huo alikuwa Ilija Garašanin. Hapa pana jambo dogo la kuchekesha: jina la waziri huyo nalo halikuwa na mkia wa -ić, kwa kuwa lilitokana na kijiji cha Garaši walikotoka watu wake. Lakini ukoo wa Tesla haukungoja amri ya mwaka 1851, wala amri hiyo haikuwahusu. Hawakuishi Serbia. Waliishi mbali upande wa magharibi, katika nchi ya Lika, ambayo leo imo ndani ya Kroatia.

Lika ni nyanda za juu nyuma ya milima ya Velebit, milima inayoizuia isiione Bahari ya Adriatiki japokuwa iko karibu. Ni nchi ya mawe ya chokaa, ya misitu na baridi kali. Ilikuwa mikononi mwa Waturuki wa Dola ya Uthmaniya hadi mwaka 1689, na baada ya hapo ikawa ya watawala wa Austria, mapatano ya mwaka 1699 yakathibitisha hivyo. Watawala hao waliifanya sehemu ya ukanda ulioitwa Mpaka wa Kijeshi. Humo mkulima alipewa ardhi, naye kwa malipo yake alikuwa askari maisha yake yote, tayari kuitwa wakati wowote. Waserbia wa madhehebu ya Kiorthodoksi na Wakatoliki pia walikaa huko kwa masharti hayo, hadi Mpaka wa Kijeshi ulipovunjwa mwaka 1881.

Msomaji ataona mara moja kwa nini nchi ya namna hiyo hufanya majina yagande mapema. Askari hawezi kuandikwa leo kwa jina hili na mwanawe kesho kwa jingine. Daftari la jeshi halina subira hiyo. Lakini daftari hilo lilileta tatizo lake. Katika vijiji vya Lika watu waliishi katika nyumba kubwa za pamoja, ziitwazo zadruga, ambamo ndugu kadhaa na wake zao na wana wao walilima na kula pamoja. Nyumba hizo zilipogawanyika, kijiji kilijaa watu wa jina moja la ukoo. Ili kuwapambanua, wanakijiji waliwapa lakabu. Lakabu ikishikamana na nyumba moja kwa vizazi viwili au vitatu, inaweza kulisukuma jina la zamani pembeni na kuingia daftarini badala yake. Jina la Tesla, kwa maoni yangu, lilizaliwa kwa njia hiyo.

Sasa tuje kwenye maana. Katika Kiserbia neno tesla ni nomino ya kawaida, na maana yake ni tezo. Sidhani kuna haja ya kuieleza tezo kwa yeyote aliyewahi kukaa karibu na mafundi wa mitumbwi au wa majahazi. Ni shoka, lakini si kama mashoka mengine. Ubapa wa shoka huelekea upande mmoja na mpini wake, bali ubapa wa tezo hukingama, kama jembe, na makali yake humwelekea fundi mwenyewe. Shoka huangusha mti na kuupasua, tezo huuchonga. Kwa tezo gogo la mviringo huwa boriti ya pembe nne. Katika nchi ya misitu kama Lika, ambako nyumba na mapaa yake yalitaka magogo yaliyochongwa, hiki hakikuwa chombo cha fundi maalumu tu.

Neno hilo halikukopwa. Limetoka katika kitenzi tesati, yaani kuchonga, nalo lina ndugu katika lugha zote za Kislavoni. Kirusi wana teslo, chombo kilekile. Wacheki humwita seremala tesař, na Wapoland humwita cieśla. Wataalamu wa lugha wameufuata mzizi huu nje ya Kislavoni, wakaukuta katika Kigiriki tekton, seremala, neno ambalo Injili za Kigiriki hulitumia kwa kazi ya Yusufu wa Nazareti; na katika Kisanskriti takshan, ambaye naye ni seremala. Kwa hiyo jina la ukoo ambalo watu wa leo hulihusisha na umeme na mashine mpya limebeba ndani yake mojawapo ya kazi za mikono zilizo kongwe kabisa.

Hapa sina budi kumtahadharisha msomaji, hasa msomaji mwalimu. Tesla na tezo! Maana moja, na sauti zinazokaribiana mno. Nilipoligundua jambo hili kwa mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyeokota fedha njiani, nikaanza kufikiri juu ya mabaharia wa Adriatiki na mabandari ya kale. Furaha hiyo ilidumu hadi jioni. Kufanana kwa maneno mawili si ushahidi wa udugu wao. Ushahidi ni kule sauti kulingana kwa utaratibu katika maneno mengi, na njia ya kihistoria inayoweza kuonyeshwa, ambayo neno lingepitia kutoka watu hawa kufika kwa wale. Tesla ina jamaa yake kamili katika Kislavoni, kitenzi chake na nomino zake, wala haihitaji msaada wetu. Tezo nayo iachwe katika lugha yetu. Wangapi kati yetu wameandika kurasa nyingi juu ya asili ya maneno ya Kiswahili kwa kusikiliza kwa sikio moja tu! Nakiri kwamba nilikaribia kuwa mmoja wao.

Kujua maana ya neno, hata hivyo, si kujua sababu ya watu kuitwa hivyo. Zipo kauli mbili. Ya kwanza husema jina lilitokana na kazi: babu wa ukoo alikuwa seremala au mchonga magogo. Ya pili imeelezwa na John O'Neill, mwandishi wa habari aliyemjua Nikola Tesla, katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka 1944. Kwa maelezo yake, hapo kale ukoo huu uliitwa Draganić, nao ukabandikwa jina la Tesla kwa sababu karibu watu wake wote walirithi meno ya mbele mapana yaliyochomoza, yakafanana na ubapa wa tezo.

Wengi hupendelea kauli ya kwanza kwa sababu ina heshima. Mimi naona muundo wa jina lenyewe unaipinga. Waserbia wanapotoa jina katika kazi, humtaja mtu afanyaye kazi hiyo, na mara nyingi huongeza ule mkia wa -ić: Kovačević hutokana na mhunzi, si na nyundo. Jina Tesla halimtaji seremala. Lataja chombo chake. Kumwita mtu kwa jina la kitu, bila ya kiambishi na bila ya adabu, ndiyo kazi ya lakabu. Ni nani kati yetu walimu asiyejua hayo? Wanafunzi hawamwiti mwalimu wa hesabu Mchoraji wa Duara; humwita Bikari, na jina hilo humfuata mpaka anapostaafu.

Hata hivyo, kukubali kwamba ni lakabu hakutulazimishi kuyakubali meno. Yawezekana alikuwako mtu aliyetembea daima na tezo begani, au aliyeiazima asiirudishe. Habari ya meno ina ladha ya mambo yanayosimuliwa nyumbani baada ya jina kwisha kushika, pale watoto wanapouliza. Lakini haina ubaya wa kuwa ni habari ya kujisifu, na masimulizi ya koo yasiyo ya kujisifu hustahili kusikilizwa zaidi kuliko yale yanayomfanya kila babu kuwa jemadari.

Ile sehemu inayohusu jina la Draganić, ambalo ni la kawaida kabisa kwa umbo lake, kutokana na Dragan, na Dragan kutokana na neno lenye maana ya mpendwa, inaweza kupimwa kwa njia nyingine. Kila jamaa ya Waserbia ina mtakatifu wake, na siku yake huadhimishwa nyumbani kila mwaka kwa mkate na mshumaa. Sikukuu hiyo huitwa slava, nayo hurithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Jamaa ikihama husafiri na slava yake. Ikibadilisha jina, slava hubaki. Ndiyo maana wanaochunguza koo za huko, wakikuta nyumba mbili zenye majina tofauti, huuliza kwanza kila moja huadhimisha mtakatifu gani. Jibu likiwa tofauti, dai la udugu hudhoofika. Jibu likiwa moja, bado si hoja kamili, kwani watakatifu wapendwao ni wachache na jamaa ni nyingi, lakini mlango umefunguka. Wapo pia wasimulizi wanaoupeleka ukoo wa Tesla nyuma zaidi, hadi Herzegovina ya kale au milima ya Montenegro. Masimulizi hayo ni ya kawaida kwa Waserbia wa Lika, ambao mababu zao wengi kweli walihamia huko kutoka kusini na mashariki, nami sioni sababu ya kuyatia uzito kupita hapo.

Kijiji kinachotajwa kuwa kitovu cha ukoo ni Raduč, humohumo Lika. Huko ndiko alikozaliwa mwaka 1819 Milutin Tesla, baba yake Nikola. Katika kumbukumbu za maisha yake alizozitoa gazetini Marekani mwaka 1919, Nikola aliandika kwamba babu yake alikuwa ofisa katika jeshi la Napoleon, na kwamba baba yake pamoja na ndugu wa baba walipata elimu ya kijeshi. Hilo ni jambo la kutarajiwa kwa watu wa Mpaka wa Kijeshi. Baba akaacha jeshi, akawa kasisi, na kazi hiyo ndiyo iliyompeleka Smiljan, karibu na mji wa Gospić.

Kuhusu kuenea kwa jina, kuna mambo matatu yaliyolitoa Lika. La kwanza ni umaskini. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 vijana wengi wa Lika walivuka bahari kwenda Marekani kufanya kazi za migodi na viwanda. Nikola mwenyewe aliondoka mwaka 1884, ingawa si kwa ajili ya migodi. La pili ni vita. Mwaka 1941, chini ya utawala wa Ustaša, Waserbia wa Lika waliuawa kwa maelfu, wengine katika kambi ya Jadovno juu ya Velebit, si mbali na Gospić. Smiljan nako watu waliuawa mwaka huo, na nyumba aliyozaliwa Nikola Tesla ikateketezwa pamoja na kanisa alilohudumu baba yake. Vita vilipokwisha, mnamo 1945 na miaka iliyofuata, serikali ya Yugoslavia iliwahamishia watu wengi wa Lika katika tambarare za Vojvodina, kwenye mashamba yaliyokuwa ya Wajerumani. Vijiji vizima vya upande wa Apatin vikajaa majina ya Lika. La tatu ni vita vya miaka ya 1991 hadi 1995. Raia Waserbia waliuawa Gospić mwaka 1991. Sanamu ya Nikola Tesla iliyokuwa mjini humo ikalipuliwa mwaka 1992. Na mwezi Agosti 1995 Waserbia kati ya 150,000 na 200,000 waliihama Kroatia kwa siku chache tu, na wengi wa vijiji vya Lika wakiwamo.

Kwa hiyo anayetaka leo kuwatafuta watu wa jina la Tesla hana budi kuwatafuta Belgrade, Vojvodina na ng'ambo ya Atlantiki pamoja na Kroatia. Katika nchi ya asili jina limebaki zaidi kwenye mabango kuliko kwenye milango ya nyumba.

Nyumba ya Milutin yenyewe haikuacha jina. Alikuwa na wana wawili. Mkubwa, Dane, alifariki angali mtoto, Nikola hakuoa. Dada zao watatu waliolewa, na watoto wao wakachukua majina ya baba zao. Nikola alipofariki, aliyeshughulikia mali na karatasi zake zifike Belgrade alikuwa mpwa wake Sava Kosanović, mwana wa dada yake Marica, aliyekuwa balozi wa Yugoslavia. Makumbusho yakaanzishwa mwaka 1952, na majivu ya marehemu yakaletwa humo mwaka 1957. Basi hazina yote ya jina la Tesla iliokolewa na mtu asiyeitwa Tesla, jambo ambalo watu wa koo za upande wa mama watalielewa bila ya maelezo.

Jina lililokosa warithi limepata wagombeaji. Serbia imeiweka sura ya Nikola Tesla kwenye noti ya dinari 100, na mwaka 2006 ikakipa jina lake kiwanja cha ndege cha Belgrade. Mwaka huohuo Kroatia ilifungua kituo cha kumbukumbu Smiljan, nyumba na kanisa zikiwa zimejengwa upya. Kroatia ilipojiandaa kutumia fedha ya euro, ilichagua sura yake kwa sarafu za senti 10, 20 na 50, zilizoanza kutumika Januari 2023. Benki ya Taifa ya Serbia ililalamika tangu uchaguzi ulipotangazwa mwaka 2021. Kila upande una sehemu ya haki. Ardhi ni ya huyu, na watu ni wa yule. Ninachokiona cha kusikitisha ni kwamba jina linalogombewa kwa sarafu ni lilelile ambalo mwenye kulibeba hakuweza, katika miaka fulani, kubaki nalo salama huko Lika.

Wacheki nao walilichukua kwa namna yao. Mwaka 1946 kampuni yao ya taifa ya redio na vyombo vya umeme iliitwa Tesla kwa heshima yake. Baadaye ikaenezwa kwamba jina hilo ni kifupi cha maneno mawili ya Kicheki, technika slaboproudá, yaani ufundi wa umeme mdogo, na wapo walioamini hivyo. Watu walikwisha kupewa asili ya kweli, wakatunga nyingine, tena katika lugha ambayo yenyewe humwita seremala tesař.

Limebaki jambo la sarufi. Katika Kiserbia jina Tesla, lijapokuwa la mwanamume, hunyambuka kama nomino yoyote ya jinsi ya kike inayoishia kwa -a, sawasawa na chombo chenyewe: makumbusho ya Nikola Tesla ni Muzej Nikole Tesle, na mpini wa tezo nao huomba umbo hilohilo, tesle. Herufi kubwa ndiyo pekee inayomtenga mtu na chombo. Wanafizikia nao wameamua kwamba majina ya vipimo, hata yatokanayo na watu, yaandikwe kwa herufi ndogo yanapoandikwa kamili. Hivyo Kiserbia kina tesla mbili za herufi ndogo, ya seremala na ya sumaku, na kati yao moja ya herufi kubwa.